Kidonge cha Pili

Mume wangu alikuwa bwana shamba. Miaka yote aliyofanya kazi katika mkoa huu wa Ruvuma alizunguka na pikipiki ya serikali akiwaambia wakulima jambo moja ambalo hawakupenda kulisikia: mahindi yanataka mbolea mbili, ya kupandia na ya kukuzia, na moja haifanyi kazi ya mwenzake. Wakulima walimsikiliza kwa adabu, wakampa na kuku wa kwenda naye nyumbani, kisha wakanunua mfuko mmoja na kuugawana ndugu watatu, kila mmoja akatia kiganja kiganja shambani kwake. Mavuno yakiwa haba wanalaumu mvua. Yeye alirudi Ruhuwiko, mtaa wetu hapa Songea, jioni, akavua mabuti mlangoni, akaanza kunisema mimi kana kwamba mimi ndiye niliyegawa ile mbolea. Mimi ni fundi cherehani. Nilikanyaga pedali yangu na kuitikia.

Naanza na hilo kwa makusudi, maana bila hilo mtu anaweza kudhani mume wangu ni mjinga. Si mjinga hata kidogo. Alifanya ujinga mmoja tu katika uzee wake, na aliufanya kwa mapenzi, jambo ambalo lilinizuia kumkasirikia kama nilivyotaka.

Moyo ulimshika asubuhi moja ya mwezi wa saba, yeye akiwa amekwisha kustaafu. Alikuwa nyuma ya nyumba anamwagilia mboga. Aliingia ndani polepole, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akasema maharage ya jana yamempa kiungulia, nimpe maziwa. Mwezi wa saba Songea ni baridi ya kuvaa masweta mawili, na yeye jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni. Maziwa sikumpa. Nilitoka nje na tepu yangu ya kupimia ikiwa bado shingoni, nikamwambia jirani mwenye gari aliwashe, na hadi leo namshukuru Mungu kwamba jirani yule hakuuliza swali.

Hospitalini wakasema si kiungulia, ni mshipa wa moyo umeziba. Wakamtuliza, na alipoweza kusafiri tukapelekwa Dar es Salaam, wakamzibua na kumwekea kibomba kidogo cha kuushikilia mshipa usijifunge tena. Alirudi nyumbani mwembamba, mpole, anaomba ruhusa ya kila kitu. Upole ule haukunipendeza. Nilikuwa nimeolewa na mtu mbishi, na huyu mpole sikumfahamu.

Watu walikuja kumpa pole, wakakaa sebuleni na nyuso za msibani. Aliyenifurahisha ni mtani wake mmoja, Myao wa Tunduru anayeuza korosho hapa mjini. Aliingia, akamtazama mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza anavaa viatu namba ngapi, maana yeye amekuja kuchukua urithi mapema kabla foleni haijawa ndefu. Akasema nguruwe wote walioliwa na Wangoni wa ukoo huu wamefanya kikao ndani ya ule mshipa, wakakataa kutoka. Mume wangu alicheka hadi akashika kifua, nami nikaruka kutoka kwenye kiti. Kumbe alikuwa anacheka tu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu asubuhi ile ya maziwa.

Baada ya hapo ikawa ni kliniki na dawa. Daktari wetu ni dada kijana, mtaratibu, anayeeleza jambo kwa mikono. Mwanzo alimpa kidonge kimoja cha kupunguza mafuta mabaya katika damu, yale wanayoyaita lehemu, pamoja na dawa nyingine za kuzuia damu isigande. Alipompima tena, mafuta yalikuwa yameshuka lakini hayakufika alipotaka, na dozi ya kile kidonge ilikuwa imefika mwisho. Akatuambia kipimo kile kwa mtu ambaye hajaugua angekivumilia, ila kwa mume wangu hapana, kwa sababu mshipa uliokwisha kuziba una wenzake. Ndipo akamwongezea kidonge cha pili, kidogo, cheupe, ambacho kikidondoka sakafuni unakitafuta kwa tochi.

Alieleza vizuri. Mafuta yanaingia kwenye damu kwa njia mbili, alisema. Mengine ini lenyewe linayatengeneza, hata ungelala njaa. Mengine yanapita tumboni na utumbo unayanyonya. Kidonge cha kwanza kinalishika ini mkono, cha pili kinaukataza utumbo. Ukifunga njia moja tu, mwili ni mjanja, unatafuta nyingine. Mume wangu alitikisa kichwa, akauliza maswali ya maana, akapongezwa. Tulirudi nyumbani nikiwa nimetulia. Nilijua kwamba kati ya watu wote wa Songea, huyu wangu hakuhitaji kuelezwa mara mbili kwamba vitu viwili vinaweza kufanya kazi kwa kusaidiana.

Mimi nikashika upande wa jiko. Kukaanga nikaacha. Dagaa wa Nyasa nikawachemsha na nyanya na ndimu, mboga ya maboga nikaipika bila mafuta, na alipolalamika kwamba chakula kina ladha ya adhabu nilimwambia adhabu nyingine ni mimi kuwa mjane. Dawa nilimwachia mwenyewe. Mtu aliyelea watoto na kusimamia wilaya nzima sikuona vizuri kumsimamia mdomoni. Jioni baada ya kula alichukua maboksi yake, akaenda nayo dirishani, akameza, akanywa maji, akashukuru.

Tuliporudi kupima, mafuta yalikuwa palepale.

Daktari alishangaa. Alimwuliza kama anakunywa dawa kila siku, naye akajibu ndiyo, kila siku. Aliniuliza mimi kuhusu chakula, nikaeleza kwa fahari kidogo. Akasema kuna sindano zinazotumika vidonge viwili vikishindwa, lakini hapa kwetu hazipatikani, ingebidi kuanza tena habari za Dar es Salaam. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hapendi kumwacha na kipimo kile muda mrefu. Nilielewa alichoogopa, nikakiogopa na mimi. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimtazama mume wangu mgongoni na kufikiri kwamba ndani ya mgongo ule kuna mishipa mingine, na sijui ipi inaziba.

Na kwa kuwa mimi hofu yangu hugeuka hasira haraka, nikatafuta wa kumlaumu. Nikaamua ni kitimoto. Hapo chini kuna kijana anayekaanga nyama ya nguruwe, na harufu yake jioni inawatoa watu wema kwenye njia ya kanisani. Nilianza kunusa koti la mume wangu kila aliporudi matembezini. Koti lilinukia sabuni. Nikaenda mwenyewe kwa yule kijana, nikamtega kwa maneno, akaniapia kwamba mzee hajakanyaga pale tangu augue, na akanilalamikia kwamba amepoteza mteja. Nikamwuliza hata mtani wa Tunduru kama anajua lolote. Akanijibu kwamba yeye na nguruwe hawasalimiani, sasa habari zake angezipata wapi.

Wakati huo wote mume wangu aliniona nikihangaika, na hakusema neno.

Mwezi wa pili tulikwenda kijijini kwao, upande wa Hanga, kwenye misa ya kumwombea marehemu baba yao. Huko anaishi kaka yake mkubwa, na lazima nimweleze kaka huyu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akalima tumbaku ya watu ili mdogo wake asome. Mume wangu huwa anasimulia jinsi walivyokula sahani moja: kaka alikula polepole, akijifanya ameshiba mapema, na kile kipande cha mwisho cha samaki au tonge lililobaki alilisukuma upande wa mdogo wake. Kwetu mkubwa humwachia mdogo. Ni desturi ya kawaida, kila nyumba inayo. Lakini kaka huyu alikuwa akiacha chakula wakati yeye mwenyewe ana njaa, na mume wangu hajasahau hadi leo mvi zimemjaa.

Kila mwezi mume wangu alikwenda kumsalimu, na mimi nilibaki na nguo za wanafunzi. Kwa hiyo sikuwa nimeingia nyumba ile kwa muda. Tuliamkiana, nikampa shikamoo yake, tukaenda kanisani, tukarudi, tukala. Baada ya chakula mke wa kaka aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji na kikopo cha mafuta ya kupaka kilichooshwa. Akakifungua, akamtolea mumewe kidonge kimoja. Kidogo, cheupe. Angekidondosha angekitafuta kwa tochi.

Kaka alikimeza, akafuta midomo, akanigeukia.

“Shemeji, sijapata nafasi ya kukushukuru kwa hii dawa. Tangu mmeanza kuniletea, kifua kimetulia, na usingizi naupata. Mungu awabariki.”

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama kuku.

Kaka mkubwa wa mume, kwa malezi niliyopewa, ni kama baba mkwe. Humkatizi, humbishii, na jambo la nyumbani kwako humwanikii. Nikasema asante, shemeji. Nikakunja kanga yangu vizuri, nikamwambia mume wangu anionyeshe mahindi, mimi siku nyingi sijaona shamba. Aliinuka kama mtu anayeitwa polisi.

Shamba liko nyuma ya nyumba, na mahindi yalikuwa yanafika kiunoni. Nilisubiri hadi tulipokuwa katikati ya mistari. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo, kidonge cha pili hajawahi kukimeza hata siku moja, alikuwa akikidondosha mfukoni pale dirishani. Nikamwambia kwamba nimenusa koti lake kama mbwa, nimekwenda kumhoji mtoto wa watu anayeuza nyama, na daktari anawaza kutupeleka tena Dar es Salaam, na muda wote huo yeye anajua. Nilisema mengi. Mengine nisingeyasema mbele ya mahindi ya mtu mwingine.

Aliacha nimalize. Kisha akasema, “Dawa mbili, kazi moja. Nikaona moja inanitosha. Kaka anashikwa na kifua akipanda kilima hiki, zahanati wanampa vidonge vya maumivu. Mimi nina bima, nina daktari, nina vidonge viwili. Nikivimeza vyote naona kama ninakula peke yangu na yeye amekaa ananitazama.”

Nilitaka kuendelea kufoka. Sikuweza. Nilimhurumia mno, na niliogopa mno, na mambo hayo mawili yakinikuta pamoja huwa nalia. Nililia palepale, huku ninamwambia aninyamazie ingawa alikuwa amekwisha kunyamaza.

Sikujua kwamba kaka alikuwa ametufuata. Nadhani aliuona uso wangu wakati ule wa kusema asante. Alisimama mwanzo wa mstari na kofia yake mkononi, akauliza kuna nini. Basi nikavunja mwiko. Nikamwambia shemeji yangu kwamba dawa anayoimeza ni ya moyo wa mdogo wake, kwamba alipewa mbili, kwamba bila hiyo ya pili mafuta hayashuki, na kwamba daktari anaogopa mshipa mwingine usizibe.

Kaka akayatazama mahindi yake upande huu na upande huu.

“Mlongo wangu,” akasema, ndiyo ndugu yangu kwa Kingoni, “mwaka ule nilipogawana mfuko wa mbolea na mashemeji zangu, ulinisimamisha kwenye mkutano wa kijiji. Mbele ya watu. Ulisema nini?”

Mume wangu alitazama chini.

“Nakuuliza. Ulisema nini?”

“Kwamba mfuko ukigawanywa,” mume wangu akajibu, “hakuna aliyetia mbolea.”

“Nilikuchukia siku ile. Mwaka uliofuata nikatia zote mbili, nikavuna nikajaza ghala. Nikasema, kumbe huyu mtoto shule yake haikwenda bure.” Akavaa kofia yake. “Sasa leo unataka nikuzike, watu waniulize nilikusomesha ya nini?”

Akageuka akarudi nyumbani. Tulipofika tukamkuta na kile kikopo, akampa mume wangu kwa mikono miwili. Mume wangu alikipokea, akakaa kwenye kigoda, akasema jambo ambalo nilikuwa sijalifikiria. Alisema kwamba miaka yote aliwakataza wakulima kutia mbolea kabla udongo haujapimwa, na kaka yake hakumpima. Alimletea tu. Hakujua hata kama kaka ana ugonjwa gani. Nadhani hapo ndipo alipotambua kwamba angeweza kumdhuru mtu ambaye alikuwa akitaka kumwokoa.

Kwa hiyo tulirudi Songea watatu. Kaka alilala kwetu, chumba cha mbele, na kesho yake tukamfikisha kwa daktari yuleyule. Mume wangu alieleza yote mwenyewe, amesimama, kama anaungama. Daktari alimsikiliza, akasema tu kwamba dawa ya mtu hupimiwa mtu, na kwamba hakasiriki ila asirudie. Kisha akampima kaka kila kitu.

Mafuta ya kaka hayakuwa na neno. Mtu anayekula ugali na majani na kupanda kilima kila siku, mafuta yangetoka wapi? Alichokuwa nacho ni presha, tena ya siku nyingi, imemchosha moyo bila yeye kujua. Kile kidonge hakikuwa kikimsaidia chochote. Nilimwuliza baadaye, sasa ule usingizi aliokuwa akiupata ulitoka wapi. Akacheka, akasema labda ni kwa kuwa kila mwezi mtu alikuwa anafunga safari kwa ajili yake.

Aliandikiwa dawa zake mwenyewe. Watoto wetu na watoto wake wakachangishana kumkatia bima, na wale wa Dar es Salaam tuliwatia aibu kidogo hadi wakajibu simu. Akarudi kijijini. Lakini kuanzia jioni ile, kila tulipomaliza kula, simu ya mume wangu iliita. Ni kaka. Hakusalimia hata vizuri. Aliuliza kama vimemezwa vyote viwili, na mume wangu akajibu ndiyo kaka, na kaka akasema mpe shemeji. Mimi ndiye niliyethibitisha. Mume wangu alinuna mwanzoni, mbishi wangu amerudi, akasema katika umri wake anafanyiwa ukaguzi kama shamba darasa la kufundishia wakulima. Nikamwambia avune alichopanda.

Tulipopima tena, mafuta yalikuwa yameshuka hadi pale daktari alipokuwa akipataka. Dada yule alitabasamu hadi akavua miwani. Akatukumbusha kwamba si kumaliza, ni kuendelea, vidonge viwili hivi ni vya maisha. Nikamwambia aliyepo simuni kijijini anajua.

Mwaka huu baada ya mavuno kaka alikuja kututembelea. Alileta gunia la mahindi na karanga, na jogoo ambaye alinisumbua uani siku nzima. Jioni nikawapakulia wawili sahani moja, kwa sababu ndivyo wanavyopenda wakikutana. Niliwatazama nikiwa mashineni, nashona sare zilizochelewa. Kaka bado anakula polepole. Samaki alipobaki kipande cha mwisho, wote wawili waliacha kula, wakanawa, na kile kipande kikabaki katikati hadi nikakila mimi.

Nikawaletea maji, vikombe viwili. Kaka akatoa dawa yake ya presha mfukoni, mume wangu akafungua maboksi yake, akaviweka vidonge vyake viwili kiganjani, kile kikubwa na kile kidogo. Akavitazama kidogo. Kaka akamgusa goti.

“Haya, mdogo wangu,” akasema. “Leo usiniachie.”

Akavimeza vyote viwili, na kaka akameza chake.